Presha Ilipohamia Ziwani

Kijana aliyepanda basi la usiku kutoka kando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa miaka ya 1980, akashuka Machakos Airport alfajiri shingo imekakamaa, alikuwa na mengi ya kuwaza. Mjomba atamkuta? Kazi ipo? Usiku atalala kwa nani? (Machakos Airport, kwa asiyeijua Nairobi, haina ndege hata moja. Ni stendi ya mabasi ya mashambani kando ya Barabara ya Landhies, na jina lake ni mzaha wa watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, uliozoeleka mpaka ukasahau kuwa ni mzaha.) Jambo moja halikumpitia akilini, nalo ni mishipa yake ya damu.

Kumbe wapo waliokuwa wakiiwaza. Daktari Neil Poulter na wenzake walikuwa wakiwatafuta Wajaluo waliofika Nairobi karibuni, wawapime presha mapema iwezekanavyo, kisha warudie tena na tena miezi ikisonga. Upande wa pili waliwapima watu wa rika lao waliobaki mashambani, pwani ya kaskazini ya ziwa. Waliohamia walikuwa 325, wa umri wa miaka 15 hadi 34. Waliobaki walikuwa 267. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la British Medical Journal, na yalikuwa ya kushangaza kwa jinsi yalivyokuwa wazi: vijana wale wale, ukoo ule ule, damu ile ile, lakini aliyeingia mjini presha ilimpanda, na haikungoja azeeke. Mkojo wao ulieleza sehemu ya sababu. Chumvi iliongezeka, na potasiamu, ile inayopatikana kwa wingi kwenye ndizi, viazi na mboga, ikapungua. Uzito nao ulipanda, na moyo ukaongeza mapigo.

Kutoka ziwani hadi Ziwani, mtaa mmoja wa Eastlands, ni safari ya usiku mmoja. Presha ilisafiri kwenye basi hilo hilo.

Anayeandika historia ya tiba ya kiharusi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi hana budi kuanzia hapo, kwenye presha, kabla hajafika kwenye mashine na nyaya zinazoingizwa kichwani kuvuta donge la damu. Ugonjwa ulifika mtaani miaka mingi kabla ya dawa. Na kabla ya ugonjwa ilifika imani ya madaktari kwamba ugonjwa huo Mwafrika haupati kabisa.

Mwaka 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya presha vya Waafrika 1,000 aliowapima Kavirondo Kusini, upande wa Nyanza. Huko Ulaya ilijulikana kuwa presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Watu wa Donnison hawakufuata kanuni hiyo. Baada ya umri wa miaka 40 presha yao ilikuwa ikishuka. Zaidi ya hapo, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka 2, hakuandika hata mmoja mwenye presha ya juu. Naye F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali mjini Nairobi, alitoa mwaka 1937 ripoti ya maiti 1,000 za Waafrika alizozichunguza. Mishipa iliyokakamaa kwa mafuta, ile ambayo Ulaya ilikuwa jambo la kila siku chumba cha maiti, kwake ilikuwa nadra.

Kwa Vint huyu inafaa kusimama kidogo, kwa sababu ubongo wa Mkenya uliwahi kuingia mikononi mwake kwa shughuli nyingine kabisa. Mwaka 1934, katika jarida la anatomia la Uingereza, alichapisha makala juu ya ubongo wa “mwenyeji wa Kenya”. Aliupima kwa mizani akapata wastani wa gramu 1,276 kwa wanaume, akaulinganisha na wa Mzungu, akasema ni mdogo. H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliipokea hesabu hiyo kwa mikono miwili na kuitumia kuhoji kama Mwafrika afaa kusomeshwa. Maiti zenyewe zilikuwa za nani? Za maskini waliofia hospitalini, wengi wakiwa wamekonda kwa maradhi na njaa. Sayansi hiyo ilioza zamani, na haina haja ya kujibiwa leo. Inatajwa hapa kwa sababu moja tu: katika miaka ambayo madaktari wa Lisbon walikuwa wameshaanza kuiona mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai, Nairobi ubongo ulikuwa ukitiwa kwenye mizani.

Lakini kuhusu presha, Donnison hakuwa mwongo. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda mwaka 1935 na kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago. Alikuwapo macho yake yakiona wadi zinavyobadilika. Mwaka 1980 aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki akifuatilia jinsi Wakenya na Waganda walivyotoka kwenye presha ya kawaida hadi presha ya juu kati ya 1928 na 1978. Miaka 50 tu. Katikati yake, mwaka 1969, A. G. Shaper na wenzake walikuwa wameeleza habari za vijana wa Kisamburu walioacha ng’ombe na kuingia jeshi la Kenya. Walikula posho ya jeshi, yenye chumvi zaidi kuliko maziwa na damu waliyoizoea manyattani, na baada ya muda presha zao zikaanza kupanda. Hakuna aliyewabadilishia asili yao. Walichobadilishiwa ni sahani.

Ziwani ndiyo sahani yenyewe, ukipenda. Mtaa ulijengwa na manispaa katika miaka ya 1940, katika kundi moja na Starehe na Kaloleni, wakati serikali ilipokubali kwa shingo upande kwamba Mwafrika si mgeni wa kupita mjini. Kabla ya hapo mji ulimtaka afanye kazi, akimaliza arudi kwao. Jirani yake, Kariokor, jina limetokana na kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, ambacho Waswahili walikitamka walivyoweza. Pangani ya zamani, kijiji cha Waswahili na wafanyabiashara, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakasukumwa upande wa Pumwani na Shauri Moyo. Ziwani ilikuja baadaye, nyumba zikapangwa kwa mistari na kukodishwa kwa watu wenye kazi: makarani, mafundi, watumishi wa manispaa. Jina lake linataja ziwa, ingawa maji pekee yaliyo karibu siku hizi ni ya Mto Nairobi, na hayo hakuna anayetamani kuyanywa.

Mtu mwenye mshahara hanunui chakula kama mkulima. Hana shamba la viazi vitamu nyuma ya nyumba. Ana duka. Duka lina unga uliokobolewa, mkate mweupe, sukari, mafuta ya kupikia ya kopo na chumvi ya pakiti. Jumapili ana Kariokor, sokoni, ambako nyama choma hukatwa juu ya ubao na kilima kidogo cha chumvi huwekwa pembeni, kila mmoja achovye apendavyo. Wanaosifu nyama ya Kariokor hawajakosea hata kidogo. Lakini kile kilima cheupe kina historia yake, na historia hiyo iliandikwa kwenye mikojo ya vijana wa Poulter.

Basi mzee wa Ziwani, amekaa mjini miaka 30, anaamka asubuhi mkono hauinuki na mdomo umeenda upande. Afanyiweje?

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita jibu lilikuwa: alazwe, ageuzwe asipate vidonda, alishwe, angojewe. Hospitali ya Waafrika ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ikaitwa King George VI mwaka 1952, kisha baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Majina yalibadilika kuliko tiba ya kiharusi. Daktari wa 1955 na daktari wa 1975 wangesimama kando ya kitanda kimoja wakakubaliana karibu kila kitu, hasa kwamba hakuna kikubwa cha kufanya. Wengi hawakufika huko kamwe. Mgonjwa alisafirishwa nyumbani, mashambani, akakandwe mwili kwa maji ya moto na mafuta na watu wa kwao. Upande wa Majengo, Pumwani, ambako Uswahili wa pwani ulikuwa na mizizi, kulikuwa na kombe: aya zinaandikwa sahanini kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa.

Jina lenyewe lina uzito. Mpwani akisema kiharusi, mara nyingi anasema zaidi ya mshipa ulioziba. Watafiti waliozungumza na watu wa Dar es Salaam na wa Hai, Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walikuta jambo ambalo wengi wangelitarajia kinyume chake. Watu wa mjini, Dar es Salaam, ndio walioelekea zaidi kukihusisha kiharusi na majini na uchawi. Wa Hai, mashambani, walieleza zaidi kwa sababu za mwili. Mradi huo huo mkubwa ulihesabu pia wagonjwa wapya. Baada ya kusawazisha umri, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai ilikuwa na wagonjwa 108.6, na Dar es Salaam 315.9. Mji wa pwani ulikuwa umeiacha nyuma hata miji mingi ya Ulaya. Nairobi haikuhesabiwa namna hiyo, ila vijana wa Poulter walikuwa wameshatoa dokezo.

Huko nje elimu ilitembea polepole, kisha ghafla ikakimbia. Mwaka 1658 Mswisi Johann Jakob Wepfer, aliyepasua vichwa vya waliokufa kwa kiharusi, alionyesha kuwa damu ilikuwa imevuja ndani. Aliona pia kuwa mishipa inayopeleka damu kichwani yaweza kuziba. Kwa hiyo viharusi ni viwili chini ya jina moja: cha mshipa ulioziba na cha mshipa uliopasuka. Kwa nje vinafanana. Mkono umelegea, maneno yamepotea. Kwa tiba ni maadui, kwani dawa inayoyeyusha donge la kwanza yaweza kumuua wa pili. Kuanzia Wepfer hadi katikati ya karne ya 20 daktari alikuwa akibahatisha. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz alidunga dawa inayoonekana kwenye eksirei ndani ya mshipa wa shingo, na kwa mara ya kwanza picha ya mishipa ya ubongo hai ikatokea. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wake wa kwanza. Hounsfield alikuwa mhandisi wa EMI, kampuni ambayo wengi wa Ziwani waliijua kwa sahani za santuri. Sasa daktari angeweza kuona, bila kisu, kama kichwani mna damu iliyomwagika au hamna.

Nairobi haikuwa jangwa. Mwaka 1967 alifika Renato Ruberti, Mwitaliano, mpasuaji wa ubongo. Baadaye akarudi kutoka masomoni Gerishom Sande, Mwafrika wa kwanza wa Kenya katika kazi hiyo. Waliokoa wengi: waliopigwa rungu, walioanguka kwenye mijengo, waliotupwa nje ya matatu. Damu iliyoganda chini ya fuvu waliweza kuitoa. Ila lile donge dogo, kama punje ya mchele, lililokwama ndani ya mshipa katikati ya ubongo, hawakuligusa. Karibu hakuna aliyeligusa, popote duniani.

Kiharusi kilichojulikana kuliko vyote nchini kilitokea gerezani.

Tarehe 3 Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita waandishi wa habari na kudai vyama vingi. Rubia alikuwa mtu wa mitaa hii: meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, kisha kwa miaka mingi mbunge wa Starehe, jimbo ambalo Ziwani imo. Walipanga mkutano Kamukunji, tarehe 7 Julai, mwendo wa miguu kutoka Ziwani. Siku 3 kabla ya hapo walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo, polisi nao wakaja, na Saba Saba ikaingia kwenye kalenda ya nchi. Mwezi Mei 1991, ndani ya gereza la Kamiti, Matiba alipatwa na kiharusi. Mwezi uliofuata aliachiliwa, akapelekwa London, akakaa huko karibu mwaka mzima. Aliporudi Mei 1992 Nairobi ilimpokea kama mfalme, lakini mtu aliyewahi kuwa katibu mkuu wa wizara na waziri hakuweza tena kusoma wala kuandika kama zamani. Hata hivyo Desemba mwaka huo alikuwa wa pili nyuma ya Rais Moi katika uchaguzi wa rais. Aliishi na mwili huo hadi Aprili 2018. Agosti 2017 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi milioni 504 kwa aliyotendewa, na katika kesi hiyo suala la tiba aliyonyimwa akiwa kizuizini lilikuwa kiini.

Tusidanganyane: mwaka 1991 hata mgonjwa aliyefikishwa hospitali bora ya dunia ndani ya nusu saa hakuwa na dawa ya kumyeyushia donge, kama shida yake ilikuwa donge. Lakini watu wa Eastlands walijifunza kutoka kwa Matiba jambo ambalo hawakulisikia kwenye wadi. Walijifunza kuwa kiharusi ni habari ya kuchelewa.

Miaka 4 baadaye dawa ikapatikana. Desemba 1995 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 624. Waliodungwa dawa ya alteplase ndani ya saa 3 tangu dalili zianze walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudi kwenye maisha yao. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya uliongeza muda hadi saa 4 na nusu. Mpaka wa saa si urasimu wa hospitali. Jeffrey Saver wa Los Angeles alikadiria mwaka 2006 kuwa mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Baada ya saa kadhaa, kwa wengi hakuna kikubwa cha kuokoa, na dawa yaweza kupasua mishipa iliyokwisha kudhoofika.

Alteplase ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: donge nene kwenye mshipa mkubwa mara nyingi iliishia kulilamba pembeni tu. Hapo ndipo wazo la kulivuta likaja. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena, huingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa, huupandisha tumboni, kifuani, shingoni, mpaka kichwani, huku akitazama picha ya eksirei kwenye skrini. Kifaa cha kwanza kuruhusiwa Marekani, mwaka 2004, kiliitwa Merci na kilikuwa na umbo la kizibuo cha chupa ya mvinyo: kinachomwa kwenye donge, kinazungushwa, kinavutwa. Wakati mwingine kilitoka na donge. Wakati mwingine kilitoka mikono mitupu. Mwaka 2008 huko Stuttgart kikatumika kifaa kingine, kijineti cha waya kilichotengenezwa kwa kazi tofauti. Kikifunguliwa ndani ya donge, kinalikumbatia, na vyote viwili vinatolewa pamoja, kama samaki kwenye wavu.

Ilikuwa kazi ya kusisimua na bado haikuwa na ushahidi. Mwaka 2013 tafiti 3 kubwa zilitoka pamoja na zote zikasema kuvuta donge hakumsaidii mgonjwa kuliko dawa peke yake. Wengi walitaka mrija utupwe. Waholanzi hawakuutupa. Katika hospitali 16 walikusanya wagonjwa 500 waliothibitishwa kwanza kwa picha kwamba kweli mshipa mkubwa umeziba, kitu ambacho tafiti zilizotangulia hazikukizingatia vya kutosha, na wengi wa waliovutwa donge walivutwa kwa vijineti vipya. Desemba 2014 wakatoa hesabu: waliovutwa donge, asilimia 32.6 waliweza kujitegemea baada ya miezi 3. Wasiovutwa, asilimia 19.1. Tafiti nyingine 4 zikafuata katika miezi michache na kusema vivyo hivyo. Zilipojumlishwa mwaka 2016, zikiwa na wagonjwa 1,287, ilionekana kuwa kati ya kila wagonjwa wasiozidi 3 wanaotibiwa, mmoja hupunguziwa ulemavu kwa sababu ya mrija ule. Dawa chache duniani zina hesabu ya namna hiyo. Januari 2018 utafiti uitwao DAWN ukaongeza kuwa wagonjwa wengine, wakichaguliwa kwa picha maalumu, wanaweza kusaidiwa hata kati ya saa 6 na 24.

Hayo ni ya dunia. Turudi Ziwani, barabara ya General Waruinge.

Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa Parklands mwaka 1958, na leo ni miongoni mwa hospitali chache za Nairobi zenye vifaa na wataalamu wa kushughulikia donge lililo kichwani. Kutoka Ziwani iko karibu kuliko Kenyatta kwa kilomita, na mbali kuliko Kenyatta kwa mfuko. Saa sita za usiku gari huchukua dakika chache. Saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha na Ring Road Ngara imefunga, nusu saa hupita matatu ikiwa imesogea urefu wake mara mbili. Kwa hesabu ya Saver hizo ni seli milioni 57. Na safari ya mgonjwa wa Eastlands mara nyingi ina vituo: duka la dawa la mtaani, zahanati, hospitali ya kwanza isiyo na CT, hospitali ya pili yenye CT inayodai amana kabla ya picha, simu kwa ndugu aliye Thika, mchango wa WhatsApp. Hapo saa 4 na nusu zimekwisha na familia bado inatafuta mahali pa kuegesha gari.

Bima ya taifa, NHIF, ilianzishwa mwaka 1966 kwa watu wenye mishahara, hasa wale wa nyumba za namna ya Ziwani, na Oktoba 2024 nafasi yake ikachukuliwa na mamlaka mpya, SHA. Shirika la Afya Duniani liliiweka alteplase kwenye orodha ya dawa muhimu kwa kiharusi mwaka 2019. Kuvuta donge ni hesabu nyingine. Utafiti wa nchi 67 uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kuwa kati ya wagonjwa wanaostahili kuvutwa donge, wastani wa kati ni asilimia 2.79 tu wanaovutwa, na tofauti kati ya maeneo yaliyo juu kabisa na yaliyo chini kabisa hufika mara 460, nchi maskini zikiwa nyuma sana. Msomaji asihesabu nchi yake iko upande gani. Anajua.

Ndiyo maana anayesema kuwa mashine ndiyo dawa ya Eastlands anasema nusu ya habari. Mwanasoka Joe Kadenge, aliyewafanya watu wa mitaa hii wajae uwanjani Jogoo Road, aliishi miaka yake ya mwisho na athari za kiharusi hadi alipofariki Julai 2019, na nyumba nyingi kutoka Ziwani hadi Korogocho zina mzee wa namna hiyo, asiye na jina gazetini, anayekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mkono mmoja mapajani. Watafiti waliopima presha Korogocho na Viwandani walikuta kuwa kati ya wenye presha ya juu, takriban mmoja kati ya watano tu ndiye aliyejua. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na asilimia 56 hawajawahi kupimwa hata siku moja. Kipimo chenyewe ni mkanda wa mkono. Hakihitaji daktari wa ubongo wala Parklands, na duka la dawa karibu na soko la Kariokor linao.

Na kwa yule ambaye presha imeshampiga, jirani ana kazi moja kabla ya zote. Ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayashikani, usimkande, usimpe aspirini, usimlaze ukisema atapumzika aamke vizuri. Tazama saa. Iandike mkononi kama huna karatasi, kisha mpeleke moja kwa moja mahali penye CT. Daktari wa zamu atakapotokea mlangoni, swali lake la kwanza ni hili: mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?